Sauti ya kocha haibaki pembeni ya uwanja

Oktoba 12, 2022, kule India, Serengeti Girls walifungwa 4-0 na Japan. Ilikuwa mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, na ilikuwa mara ya kwanza kabisa Tanzania kufika kombe la dunia la FIFA la aina yoyote, sasa fikiria wewe una miaka 16, nchi nzima imekaa mbele ya tv inakuangalia, halafu mnapigwa nne. Siku tatu baadae, Oktoba 15, watoto walewale wakaingia kucheza na Ufaransa na wakashinda 2-1. Ufaransa jamani! Wakaenda sare ya 1-1 na Canada, wakamaliza wa pili kwenye kundi, wakafika robo fainali na hapo ndo Colombia wakawatoa kwa 3-0.

Watu wengi walishangilia ile 2-1 na mimi nilishangilia, ila kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo ni zile siku tatu katikati. Maana siku tatu hazitoshi kumfundisha mtoto kupiga krosi, hazitoshi kumuongezea spidi wala pumzi, mguu uliocheza na Japan ndo uleule uliocheza na Ufaransa. Kinachoweza kubadilika ndani ya siku tatu ni kichwa, na kichwa cha mchezaji wa umri ule aliyetoka kula nne mbele ya dunia kiko mikononi mwa benchi la ufundi, kwa kocha Bakari Shime na wenzake, kwamba wanamwambia nini wakirudi hotelini, wanamwangaliaje wakati wa chakula, kesho yake mazoezini wanaanza na lipi. Unaweza ukamwua mchezaji hapo. Na unaweza ukamrudisha.

Mimi nakimbiza na kufundisha mabinti wa mtaani kwetu hapa Arusha, miaka 12 mpaka 16, mbio za kati na ndefu, jioni baada ya kazi na Jumamosi asubuhi, na kadri ninavyokaa na hawa watoto ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kazi kubwa ya kocha siyo ile inayoonekana. Programu ya mazoezi siku hizi unaipata hata kwenye simu, mita 400 mara ngapi, mapumziko dakika ngapi, yote yapo. Ila mtoto akiwa amebakiza mita 300, miguu imejaa, mwenzake anampita kulia, pale hakuna programu, hakuna mzazi, hakuna mtu. Kuna sauti moja tu kichwani kwake na mara nyingi sana hiyo sauti ni ya kocha wake, kwa maneno yaleyale aliyozoea kuambiwa mazoezini. Kama amezoea kusikia "tulia, inua magoti, hatua zako", atasikia hivo. Kama amezoea kusikia "mzembe wewe, unanitia aibu", ndo atakachosikia mita 300 za mwisho, na hakuna binadamu anayekimbia vizuri akiwa anasikia hayo.

Na hili siyo la kubuni. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, David Conroy na Douglas Coatsworth, walitoa utafiti wa watoto waogeleaji kwenye ligi ya likizo, wakawauliza kocha wenu anawafanyiaje, halafu wakawauliza na wewe mwenyewe unajisemeshaje. Wakakuta watoto waliomwona kocha ni mtu wa kulaumu ndo waliokuwa wanajilaumu wenyewe kichwani, na waliomwona kocha anawabana na kuwaendesha ndo waliojibana wenyewe. Na kule kujilaumu kukaenda sambamba na kuongezeka kwa hofu ya kushindwa. Ligi ya likizo tu hiyo, siyo miaka kumi ya kulelewa, wiki chache tu kocha ameshahamia ndani ya mtoto!

Sasa twende kwenye penati maana hapo hata asiyefuatilia michezo anaelewa. Kuna profesa wa Norway anaitwa Geir Jordet, huyu amekaa miaka anachambua mikwaju ya penati ya Kombe la Dunia, Euro na Ligi ya Mabingwa Ulaya. Yeye na mwenzake walitoa matokeo mwaka 2008, wakilinganisha mpigaji ambaye akifunga timu yake inashinda palepale na mpigaji ambaye akikosa timu yake inatolewa palepale. Wa kwanza wanafunga karibu 92 kwa kila 100. Wa pili wanashuka mpaka karibu 60 na kitu. Mpira uleule, goli lilelile, mita 11 zilezile, wachezaji wote wa kiwango cha juu kabisa duniani, tofauti ni kwamba mmoja anaenda kutafuta kitu na mwingine anaenda kukwepa kitu. Na Jordet ameonyesha pia kwamba hawa wenye presha ya kukwepa wanaharakisha, refa akipuliza filimbi tu wamepiga, wanataka yaishe, wengine wanampa kipa mgongo wakati wanarudi nyuma kuchukua hatua.

Nikiona namba hizo nawaza makocha wetu wakati wa mapumziko ya mechi. Nenda uwanja wowote wa mchangani, nenda Ndondo, nenda mashindano ya shule, sikiliza kinachosemwa: "msipoteze hii mechi", "ole wako ukose tena", "ukifungwa wewe ndo utanijua". Yani mchezaji anapewa orodha ya vitu vya kukwepa. Anarudi uwanjani kukwepa. Pasi ya mbele anaiogopa kwa sababu ikikatwa atafokewa, anarudisha nyuma, na kocha palepale anamfokea tena kwamba kwanini anarudisha mpira nyuma.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri tu. Mtu aliyezoea kukimbia au kupiga mpira hafikirii mguu wake, mwili unajua wenyewe. Ukimwekea woga wa kuhukumiwa anaanza kujiangalia, mkono wangu uko wapi, hatua yangu vipi, nimeinamisha kichwa? Roy Baumeister aliandika hili mwaka 1984, kwamba presha inamfanya mtu aweke akili kwenye vitu ambavyo vilikuwa vinajiendesha vyenyewe, na ukishaanza kuvisimamia vinaharibika. Mabega yanapanda, ngumi zinakazwa, pumzi inakuwa fupi. Kwenye mita 800 hicho tu kinakutosha kumaliza wa sita wakati ulikuwa na uwezo wa kumaliza wa pili.

Mimi hilo nimeliishi. Nilikuwa nakimbia 800 sekondari, tukienda UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na mwalimu wetu wa michezo (simtaji na shule siitaji) alikuwa mtu wa fimbo na matusi. Mazoezini muda wetu ulikuwa mzuri kweli, maana nyuma yako kuna fimbo, utaachaje kukimbia. Tatizo lilikuwa siku ya mashindano. Tulikuwa tunasimama kwenye mstari tunatetemeka, na hatukuwa tunawaogopa wale wa shule nyingine, tulikuwa tunamwogopa yeye aliyekaa pale kwenye nyasi. Nilikuwa nikiingia kona ya mwisho nageuza shingo kumtafuta amekaa wapi, ana uso gani, katikati ya mbio! Mwenzetu mmoja, mwenye kipaji kutuzidi wote, aliumia mguu akaficha, akawa anakimbia hivohivo anachechemea asubuhi kwenye mchakamchaka akidhani hatuoni, kwa sababu ukisema unaumwa unaitwa mvivu mbele ya mstari wote. Alikuja kuacha kabisa. Yuko vizuri maishani ana watoto wake, ila mbio hataki hata kuzisikia, hata kwenye tv anabadilisha chaneli, na mimi naona tulipoteza kitu ambacho hakirudi.

Watu wengi wakisikia hivi wanajibu "lakini ukali ndo ulitufikisha hapa" na naelewa wanatoka wapi. Ila kinachonisumbua ni kwamba tunahesabu waliofika tu. Yule aliyefika anahojiwa, anasema kocha wangu alikuwa mkali sana namshukuru. Walioacha hakuna anayewahoji.

Kuna watu waliwahesabu. Ronald Smith na Frank Smoll, wa Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle, walianza miaka ya 70 kukaa pembeni ya viwanja vya besiboli ya watoto wakiandika kila kitu kocha anachofanya, amesifia, ameelekeza, amefoka, amenyamaza mtoto alipokosea, kila kitu. Kisha wakachukua makocha baadhi wakawapa semina ya saa chache, mambo ya kawaida kabisa: mtoto akifanya vizuri sema, akijitahidi sema hata kama haikuingia, akikosea mpe moyo kwanza halafu muelekeze jinsi ya kufanya, acha adhabu na maneno ya kumshusha. Basi. Utafiti wao mmoja wa mwaka 1992, wakiwa na mwenzao Nancy Barnett, uliangalia watoto wangapi wanarudi msimu unaofuata. Kwa makocha ambao hawakupata semina, watoto 26 kwa kila 100 hawakurudi. Kwa waliopata semina, 5 tu. Na kushinda au kushindwa mechi hakukuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili, kwa hiyo huwezi kusema hawa walibaki kwa sababu timu zao zilikuwa zinashinda. Na katika tafiti zao watoto walionufaika zaidi ni wale walioanza wakiwa hawajiamini, yani yule anayekaa nyuma ya mstari na ambaye sisi tunamsahau ndiye aliyepata kitu kikubwa zaidi kutoka kwa kocha anayejua kusema.

Ila lililonigusa zaidi kwenye kazi ya Smith na Smoll ni hili jingine. Waliwauliza makocha wenyewe, wewe unafokea mara ngapi, unasifia mara ngapi, halafu wakalinganisha na daftari lao. Makocha hawakujijua, walichodhani wanafanya na walichokuwa wanafanya vilikuwa mbali sana. Watoto walipoulizwa maswali hayohayo kuhusu kocha wao, wao walikuwa karibu zaidi na ukweli. Watoto wanatujua kuliko tunavyojijua. Mimi niliposoma hilo nilimwomba dada mmoja anayeleta mtoto wake mazoezini awe anakaa na simu anarekodi sauti yangu, na tangu hapo nasikiliza mwenyewe nikiwa nimekaa nyumbani na najua nini cha kupunguza. Kocha yeyote anayesoma hapa ana simu, hiyo haina gharama.

Sasa wapo wanaodhani kocha mpole maana yake mazoezi mepesi. Twende Kaptagat, Kenya, juu ya Eldoret kule. Kocha wa pale ni Patrick Sang, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992 mita 3000 kuruka viunzi na maji, aliyesoma chuo Texas Marekani kisha akarudi nyumbani. Kijana wa jirani kule Nandi alimfuata akiomba programu ya mazoezi, Sang akampa ya wiki mbili, kijana akaimaliza akarudi kuomba nyingine. Huyo kijana ni Eliud Kipchoge. Hakuna aliyemkimbiza kwa fimbo, yeye ndo aliyekuwa anarudi. Mwaka 2003 pale Paris akiwa na miaka 18 akawapiga magwiji El Guerrouj na Kenenisa Bekele kwenye mita 5000 za mashindano ya dunia.

Halafu likaja jambo ambalo mimi naona ndo kipimo chenyewe cha kocha. 2012 Kipchoge akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Alikuwa bingwa wa dunia tangu akiwa kijana, ana shaba ya Athens 2004 na fedha ya Beijing 2008, na sasa amekosa hata tiketi. Wangapi wameishia hapo! Yeye akahamia marathoni akiwa chini ya kocha yuleyule, 2013 akashinda Hamburg kwa 2:05:30, na mengine mnayajua wote, dhahabu Rio 2016, dhahabu tena kwenye Olimpiki ya Tokyo, Berlin 2:01:39 mwaka 2018 na 2:01:09 mwaka 2022, na ile Vienna Oktoba 2019 ya 1:59:40 ambayo haikuhesabiwa rekodi lakini binadamu alikimbia chini ya saa mbili.

Maisha ya kambi ile yameandikwa sana. Wanaishi pamoja wiki nzima wanarudi kwao wikiendi, zamu za kazi zipo na hata Kipchoge mwenyewe akiwa milionea tayari alikuwa anasafisha choo zamu yake ikifika. Mazoezi yao ni magumu ambayo sisi huku hatuyawezi. Lakini Sang mwenyewe ni mtu mtulivu, anasimama na saa yake, anaongea kidogo na anamchukulia mwanariadha kama mtu mzima anayefikiri. Kipchoge anaandika mazoezi yake kwenye daftari miaka yote tangu 2003, yeye mwenyewe, na mtu anayeandika kazi yake mwenyewe anajua amefika wapi hata kocha asipokuwepo. Faith Kipyegon naye baada ya kujifungua mwaka 2018 akajiunga na Sang, na badala ya kuambiwa amechelewa akaja kuongeza dhahabu mbili za Olimpiki za mita 1500 juu ya ile ya Rio, na mwaka 2023 ndani ya miezi miwili akavunja rekodi tatu za dunia, 1500, 5000 na maili.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema binadamu anahitaji vitu vitatu ili hamu yake ya kufanya jambo itoke ndani yake mwenyewe: aone ana uamuzi kwenye jambo hilo, aone anaweza na anakua, na aone ana watu wake. Ukiangalia Kaptagat vyote vipo, kijana anayerudi mwenyewe kuomba programu, daftari la maendeleo, na wenzake wa kupika nao na kusafisha nao. Ukiangalia ile timu yetu ya sekondari hakuna hata kimoja, tulikuwa tumepewa kitu kimoja tu, woga, na woga unafanya kazi pale mwenye fimbo anapokuwepo.

Na pesa? Hili nalo tulizungumze maana kwetu likitajwa suala la kumpa mchezaji moyo watu wanawaza bahasha. Deci huyohuyo mwaka 1971 alitoa jaribio lake maarufu: wanafunzi wanachezea mchezo wa kupanga vipande, kundi moja likaanza kulipwa dola moja kwa kila umbo watakalolipata, kundi jingine halilipwi. Malipo yalipoondolewa, wale waliokuwa wanalipwa wakapunguza kuugusa ule mchezo wakati wa mapumziko. Kitu walichokuwa wanakifanya kwa kupenda kilikuwa kimegeuka kibarua. Mimi sisemi wachezaji wasilipwe, hapana, mchezaji anayedai mshahara wa miezi mitatu hana kichwa cha kucheza na huo ni unyanyasaji. Goli la Mama, ile ahadi ya Rais Samia, lilipoanza 2023, milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, lilikuwa na uzito wake na Yanga ya Nasreddine Nabi ikafika fainali ya Shirikisho, ikafungwa 2-1 Dar na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1-0 na kukosa kombe kwa goli la ugenini. Ila fikiria, baada ya kufungwa nyumbani, kwenda kushinda ugenini Algeria kwenye uwanja ule na mashabiki wale, hiyo pesa haielezi. Inaelezwa na timu ambayo ilikuwa bado inaamini kwamba inaweza, na kuamini huko kulijengwa wiki kwa wiki mazoezini, na kuna uzito kuliko ahadi ya usiku mmoja. Zawadi inayosema "tumeona kazi yako" inajenga, ile inayosema "usipofanya hivi hupati" inamfunga mtu kamba, na mchezaji anazijua tofauti.

Niliseme na la Mary Cain, mkimbiaji wa Marekani, maana watu wa riadha hatulisemi vya kutosha huku kwetu. Mwaka 2013 alikuwa na miaka 17 akafika fainali ya mita 1500 ya mashindano ya dunia Moscow, mtoto wa ajabu kabisa. Akaenda kwenye kambi iliyokuwa na pesa na sayansi kuliko zote Marekani, Nike Oregon Project, chini ya Alberto Salazar, kocha ambaye wachezaji wake wawili, Mo Farah na Galen Rupp, walikuwa wamechukua dhahabu na fedha za mita 10,000 London 2012. Ukiangalia kwa nje utasema mtoto ameula. Novemba 2019 Cain akasimulia kupitia New York Times kwamba alikuwa anashinikizwa kupungua na kupungua, anapimwa uzito mbele ya wenzake, akakaa miaka mitatu bila hedhi, mifupa mitano ikavunjika, akafika hatua ya kujikata na kufikiria kujiua. Salazar alikanusha, lakini mwaka 2021 chombo cha Marekani cha kulinda wanamichezo, SafeSport, kilimfungia maisha, na kabla ya hapo alikuwa tayari ana kifungo cha miaka minne kwa makosa ya dawa. Kinachoniuma kwenye habari ya Cain ni kwamba muda wake ulianza kuwa mbaya mapema na kila ulipozidi kuwa mbaya jibu lilikuwa kubana zaidi. Hakuna aliyesimama akauliza huyu mtoto kichwani kwake anasikia nini. Na mambo ya uzito huku kwetu yapo tele, binti anaambiwa umenenepa mbele ya wavulana, kila mtu anacheka, na binti wa miaka 14 hali tena mchana.

Sasa narudi kwenye ule ukali, kwamba watoto wetu bila fimbo hawaendi. Jibu langu ni Iten, Kenya. Brother Colm O'Connell alifika pale shule ya St Patrick's mwaka 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia, hakuwa na cheti cha ukocha wa riadha hata kimoja. Kwa hiyo ilibidi awaangalie watoto na kuwasikiliza maana hakuwa na kitu kingine. Mwanafunzi wa shule ile Peter Rono akachukua dhahabu ya 1500 Seoul 1988, na miaka mingi baadae Brother Colm akamlea David Rudisha tangu akiwa kijana mdogo mpaka Agosti 9, 2012, London, mita 800 kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Mbio ile Rudisha aliongoza mwanzo mpaka mwisho hana wa kumvuta, kwenye fainali ya Olimpiki, na ukiangalia mabega yake mita 100 za mwisho yako chini, mikono imelegea, uso haujakunjamana. Watoto wa Bonde la Ufa ni watoto wetu hawahawa, wamelelewa na fimbo zilezile za shuleni, na yule aliyewatoa mabingwa wengi kupita karibu wote ni mzee wa sauti ya chini.

Kwetu hapa nimebadilisha vitu kadhaa na nitaviendeleza. Kabla ya mbio simwambii mtoto nafasi, namuuliza yeye mpango wake ni upi, mita 200 za kwanza anataka apite vipi, na akinijibu naufuata mpango wake hata kama mimi ningefanya vingine, isipokuwa kama utamuumiza. Akimaliza sisemi kitu mpaka yeye aongee kwanza. Wazazi wanaokuja kushangilia nimewaomba wasipige kelele za maelekezo, wapige makofi tu, kuna baba mmoja ilimchukua muda sana na sasa ndo anayewanyamazisha wenzake. Uzito hatuzungumzi, tunazungumza kula.

Na la kuumia ndo ninalolisimamia kuliko yote. Anayesema anaumwa hapotezi namba yake kwenye timu, anapumzika, anakaa na sisi uwanjani, anashika saa, anawahesabia wenzake mizunguko. Mwenzangu tunayefundisha naye aliniuliza, si watakudanganya hawa? Wapo watakaodanganya, nimemjibu, na watakosa mazoezi siku hiyo na mwezi ujao muda wao utasema. Lakini yule anayeumwa kweli nataka aniambie siku ya kwanza, siyo baada ya mfupa kupasuka. Yeye bado ana mashaka na tumekubaliana tupime msimu mmoja, tuone mwisho wa mwaka wangapi wamebaki na wangapi wameacha, na walioacha tutaenda kwao kuwauliza kwanini.